Mwanangu anasinzia darasani: ni simu, ni uvivu, au ni usiku mfupi?

Swali: Daktari, nina kijana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Dar es Salaam. Tunakaa Mbagala na shule iko mbali, kwa hiyo anaamka saa kumi na nusu alfajiri ili saa kumi na moja awe kituoni. Anarudi saa kumi na mbili jioni baada ya tuisheni. Usiku anasema anasoma kwenye simu, wana grupu la kutumiana maswali, lakini mara nyingi namkuta saa saba au saa nane bado anaangalia klipu. Anasema bando la usiku ndilo la bei nafuu. Analala sebuleni na mdogo wake. Muhula huu ameshuka sana, na mwalimu wa darasa ameniita kuniambia anasinzia vipindi vya asubuhi. Baba yake anataka kuivunja simu. Mimi nahisi ni uvivu tu, maana Jumapili analala hadi saa sita mchana. Nifanye nini? Mama wa kijana, Mbagala.

Jibu: Pole mama kwa kuitwa shuleni, na ahsante kwa kutaja saa. Wazazi wengi huniambia tu kwamba mtoto anachelewa kulala. Wewe umetaja saa anayolala, saa anayoamka, saa anayofika kituoni na hata chumba anacholala, na humo ndimo nilimopata jibu.

Tuhesabu pamoja. Akilala saa saba usiku na kuamka saa kumi na nusu, amepata masaa matatu na nusu ya usingizi. Akilala saa nane, ni masaa mawili na nusu. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwepo na kukubaliana kwamba mtu wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10 kila siku. Mwanao hafikii hata nusu ya kiwango cha chini, siku tano kwa wiki, muhula mzima. Kwa hesabu hiyo ningeshangaa kama asingesinzia.

Na ile Jumapili ya kulala mpaka adhuhuri, ambayo wewe umeichukua kuwa ushahidi wa uvivu, mimi naisoma kinyume. Mtoto aliyeshiba usingizi hawezi kulala hadi saa sita mchana hata umbembeleze. Mwili wake unalipa deni la wiki nzima kwa siku moja, na deni lenyewe halilipiki lote. Huko Singapore, watafiti wakiongozwa na June Lo na Michael Chee waliwachukua vijana 56 wa miaka 15 hadi 19, wakawagawa makundi mawili: kundi moja lilipewa nafasi ya kulala masaa 5 kwa usiku, jingine masaa 9, kwa siku saba. Wale wa masaa 5 waliporomoka siku baada ya siku katika umakini, katika kushika jambo kichwani huku wakilifanyia kazi, na katika uchangamfu. Kisha wakapewa usiku mbili za kulala masaa 9, kama vile wikiendi ya mwanao. Baadhi ya uwezo ulikuwa bado haujarudi ulipokuwa mwanzo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, na kila nikiyakumbuka nawafikiria watoto wetu wanaopita vituoni gizani na madaftari mgongoni.

Kijana mwenyewe ukimuuliza atakuapia kwamba yuko sawa, na hasemi uongo. Katika jaribio jingine la Marekani lililochapishwa mwaka 2003, watu wazima waliopewa masaa 4 au 6 ya kulala kwa siku 14 mfululizo walishuka uwezo mpaka wengine wakafanana na mtu aliyekesha siku mbili, lakini wao wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Hiyo ndiyo hatari ya usingizi unaopungua polepole: mtu huzoea kujisikia hivyo, halafu anaamini kwamba ndivyo alivyo. Walimu nao huanza kuamini. Mtoto anaitwa mzito wa kuelewa kumbe anasoma na nusu ya ubongo wake.

Sasa utaniuliza kwa nini basi asilale mapema, saa mbili na nusu akishakula, kama alivyokuwa akilala darasa la tatu. Jibu liko kwenye kubalehe. Mary Carskadon, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani, aliwafuatilia watoto tangu miaka ya 1970 katika kambi za Chuo Kikuu cha Stanford ambako usingizi wao ulipimwa. Wakati ule watu walidhani mtoto akikua mahitaji yake ya usingizi yanapungua. Alichokiona ni kwamba walipopewa nafasi sawa ya kulala, wakubwa walilala karibu sawa na wadogo, na bado mchana wakubwa ndio waliosinzia zaidi. Mahitaji hayapungui kwa kubalehe. Kinachobadilika ni saa.

Usingizi unaongozwa na mambo mawili. La kwanza ni uchovu unaojikusanya kwenye ubongo tangu mtu alipoamka, na kemikali iitwayo adenosini ina sehemu kubwa katika hilo. La pili ni saa ya mwili, kikundi kidogo cha seli za ubongo kilicho juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Saa hiyo ndiyo inayotoa amri ya kumwaga homoni ya melatonini giza linapoingia, nayo homoni huuambia mwili kwamba usiku umefika. Kwa kijana aliyebalehe, uchovu hukusanyika taratibu kuliko kwa mtoto, na melatonini huchelewa kuanza. Hali hii huongezeka mwaka hadi mwaka mpaka karibu na miaka 20, ndipo inaanza kurudi nyuma. Tena kuna kipindi cha masaa mawili hivi kabla ya muda wa mtu wa kulala ambapo ubongo huwa macho kuliko kawaida. Ukimlazimisha alale katika kipindi hicho atajigeuza kitandani, atakasirika, kisha ataichukua simu. Ndiyo maana amri ya ghafla ya "kuanzia leo saa tatu taa zizimwe" hufeli ndani ya siku tatu katika nyumba nyingi, na mzazi hubaki akidhani mtoto ni mkaidi.

Kwa hiyo mwili unamvuta alale saa nne au saa tano usiku, nao umbali wa shule unamwamsha saa kumi na nusu. Katikati ya hayo mawili kuna usiku mwembamba ambao ungekuwa tatizo hata kama simu zisingekuwepo. Simu imeingia na kuukata tena katikati.

Kuhusu simu yenyewe, naomba wewe na baba yake mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo familia nyingi zinapogombana bila kufika popote. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 58 zenye watoto na vijana zaidi ya 480,000 kuangalia uhusiano kati ya skrini na maendeleo ya masomo. Jumla ya muda wa skrini, ukiuchukua kwa ujumla wake, haukuonyesha uhusiano na matokeo. Kilichoonyesha uhusiano na matokeo mabaya ni saa za televisheni na saa za gemu. Kijana anayetumia simu kutafuta maelezo ya fizikia saa kumi na mbili jioni hayuko kundi moja na anayeitumia kuangalia klipu saa saba usiku, ingawa simu ni ileile na dakika ni zilezile. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2016, ulikusanya tafiti 20 zenye watoto zaidi ya 125,000 na kukuta kwamba wanaotumia vifaa hivi wakati wa kulala wana uwezekano wa karibu mara mbili wa kukosa usingizi wa kutosha. Na hata wale waliokuwa na kifaa chumbani bila kukitumia walilala pungufu kuliko wasio nacho. Kuwepo tu kwa simu karibu na mto kunatosha kuusumbua usiku: mtu analala akiisubiri ilie.

Watu wengi siku hizi wamesikia habari za mwanga wa bluu, wakaweka rangi ya njano kwenye kioo cha simu na kuona wamemaliza. Mwanga una madhara kweli. Macho yetu yana seli zinazopima mwanga kwa ajili ya saa ya mwili, nazo hushtushwa hasa na mwanga wa bluu. Katika jaribio moja lililochapishwa mwishoni mwa mwaka 2014, watu 12 waliosoma kwenye kishikwambi kwa masaa manne kabla ya kulala walichelewa kutoa melatonini kwa karibu saa moja na nusu, ukilinganisha na siku walizosoma kitabu cha karatasi. Ila tazama jambo hili: walichelewa kushikwa na usingizi kwa kama dakika 10 tu. Mwanao hachelewi dakika 10, anachelewa masaa matatu. Rangi ya njano haiwezi kumrudishia masaa hayo. Yanaliwa na klipu isiyo na mwisho, na grupu ambalo akilala litamwacha nyuma, na utani wa wenzake anaotaka ujibiwe sasa hivi. Umri wa miaka 16 ni umri wa kuwahitaji wenzako kuliko chakula.

Nakuja kwenye bando la usiku, na hili linaniuma. Mtandao unauzwa kwa bei ya chini kuanzia saa sita usiku, nayo mantiki ya biashara inaeleweka: usiku mitambo haina msongamano. Lakini fikiria anayenunua ni nani. Mtu mzima mwenye mshahara hununua bando la mchana. Mwanafunzi mwenye mia tano mfukoni anakaa macho hadi saa sita ili apate data nyingi kwa hela ndogo, kisha anaona ni hasara kulala kabla haijaisha alfajiri. Kwa upande wa pesa amefikiri vizuri kabisa. Gharama inaonekana kwenye ripoti ya muhula. Nadhani hatua ya kwanza nyumbani kwenu iwe hii, na ni rahisi kuliko kugombana: mnunulieni ninyi bando dogo la mchana, kila wiki, kwa sharti kwamba la usiku halinunuliwi tena. Maswali ya kwenye grupu na mitihani iliyopita ayapakue jioni, ayasome simu ikiwa nje ya mtandao, au bora zaidi ayanakili kwenye daftari. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Hivyo navyo havihitaji kusubiri saa sita usiku.

Kisha umeniambia analala sebuleni. Mama, televisheni yenu inazimwa saa ngapi? Nauliza kwa heshima, na nawauliza karibu wazazi wote wa mjini, kwa sababu kijana anayelala sebuleni hawezi kulala kabla tamthilia haijaisha, na siku za mechi za Ulaya zinazoanza saa nne au saa tano usiku hawezi kulala kabla baba na majirani hawajaondoka. Kosa la usiku huwa la nyumba nzima, lakini anayeshtakiwa ni mmoja. Kama hakuna chumba kingine, basi sebule igeuke chumba cha kulala kwa saa iliyokubaliwa: runinga izimwe, taa izimwe, wakubwa wakaongee barazani au chumbani kwao. Kwa joto la Dar feni moja ikielekezwa kwenye godoro lake inasaidia, na kuoga kabla ya kulala pia, maana mwili hushikwa na usingizi unapopoa.

Naomba nisimame kidogo kwenye suala la masomo yenyewe, kwa sababu vijana wengi, na walimu baadhi, wanaamini kwamba kupiga msuli usiku kucha ndiko kunakoleta divisheni wani. Somo alilofundishwa asubuhi halijakaa kichwani kwa kudumu saa ileile. Linashikiliwa kwanza na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, na ni wakati wa usingizi mzito, ambao huja zaidi masaa ya mwanzo ya usiku, ndipo ubongo unaporudia yale ya mchana na kuyahamishia mahali pa kudumu. Usingizi wenye ndoto nyingi huja zaidi masaa ya mwisho kuelekea alfajiri, nao unahusika na kutuliza hisia na kuunganisha mambo. Mwanao akilala saa saba na kuamshwa saa kumi na nusu, masaa anayopoteza kuelekea asubuhi ndiyo yenye sehemu kubwa ya usingizi huo wa ndoto. Huenda ndiyo sababu mnamwona anakasirika haraka, ingawa hukuniandikia hilo.

Kuna utafiti wa Los Angeles uliochapishwa mwaka 2013 ambao ningependa ubandikwe kwenye kila bweni. Wanafunzi 535 wa sekondari waliandika kila siku, kwa wiki mbili mbili katika miaka tofauti ya masomo yao, walisoma muda gani na walilala muda gani. Siku mwanafunzi alipopunguza usingizi wake ili asome zaidi ya kawaida yake, kesho yake aliripoti zaidi kutoelewa darasani au kufanya vibaya kwenye jaribio. Juhudi ilikuwepo, tena kubwa, ila ilimrudi. Nao watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliwafuatilia wanafunzi 88 wa mwaka wa kwanza wa chuo kwa vifaa vya kupima usingizi vinavyovaliwa mkononi kama saa, muhula mzima wa somo la kemia, wakatoa matokeo mwaka 2019: muda wa kulala, ubora wake na kulala kwa saa zisizobadilikabadilika viliendana na karibu robo ya tofauti za alama kati yao. Usiku wa kuamkia mtihani peke yake haukuonyesha uhusiano wowote. Kilichohesabika ni wiki zilizotangulia, zile siku ambazo somo lilikuwa likifundishwa. Mwanao atafanya mtihani wa taifa mwakani mwezi Novemba. Usingizi wa mtihani huo anaulala sasa, akiwa kidato cha tatu.

Upande wa pili wa usiku ni asubuhi, na huko wazazi mna la kusema kuliko mnavyodhani. Mwaka 2016 jiji la Seattle kule Marekani lilisogeza mwanzo wa masomo ya sekondari kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo. Watu walitabiri kwamba vijana wangechelewa tu zaidi kulala. Walipopimwa kwa vifaa kama hivyo vya kuvaa mkononi, walikuwa wamebaki na saa ileile ya kulala na kuongeza dakika 34 za usingizi. Alama zao katika somo la baiolojia zilipanda kwa asilimia 4.5, na katika shule yenye watoto wengi wa familia za kipato kidogo uchelewaji na utoro ulipungua. California ikatunga sheria inayotaka sekondari zake zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na ilianza kutumika mwaka 2022. Jirani zetu Wakenya, kwa kanuni zao za elimu ya msingi za mwaka 2015, waliweka vipindi vya shule za kutwa kuwa saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kanuni ni jambo moja na kengele ya prepo ya alfajiri ni jingine, lakini angalau kuna karatasi ambayo mzazi anaweza kuishika mkononi. Kwenye kikao cha wazazi ulizeni: vipindi vya ziada vya asubuhi vina faida gani kwa mtoto aliyetoka Mbagala saa kumi na moja? Mkiuliza wazazi kumi si sawa na akiuliza mmoja.

Wakati mnasubiri hayo, fanyeni yaliyo mikononi mwenu. Jioni aoge, nguo za shule zipigwe pasi, begi lifungwe, ili asubuhi anyanyuke, anawe uso na kuvaa. Hapo anaweza kuamka saa kumi na dakika hamsini badala ya saa kumi na nusu. Dakika 20 kwa siku tano ni zaidi ya saa moja na nusu kwa wiki. Tuisheni muipunguze, angalau siku mbili. Najua ni uamuzi mgumu kwa mzazi aliyekwisha lipia, lakini kichwa kilichochoka hakipokei hata ukilipia mara mbili. Akifika nyumbani saa kumi na mbili asilale pale pale, maana atakuwa ameula usingizi wa usiku. Ale, asome saa moja hadi saa tatu, kisha saa tatu na nusu simu itoke mikononi mwake.

Saa ya kulala msiisogeze kwa kuruka. Kama sasa ni saa saba, iwe saa saba kasoro dakika ishirini, siku tatu hivi baadaye ishuke tena dakika ishirini, mpaka mfike saa nne usiku. Itachukua kama mwezi. Sitakudanganya: kwa saa nne hadi saa kumi na dakika hamsini bado ni pungufu ya masaa 7, na umbali wa shule yenu hauruhusu masaa 8 siku za vipindi. Lakini ni karibu mara mbili ya anachopata leo. Mchana, mapumziko ya chakula, aegemeze kichwa mezani dakika 20. Walimu wengi hawatamzuia wakielezwa. Siku zisizo na tuisheni alale nusu saa kabla ya saa kumi jioni. Wikiendi mwacheni aongeze saa moja au mbili, lakini asifike adhuhuri, kwa sababu kila akifanya hivyo saa ya mwili inasogea mbele, na Jumatatu anaamka kama msafiri aliyetua kutoka nchi ya mbali. Ikifika saa moja au saa mbili asubuhi Jumapili, fungua madirisha au mtume dukani. Mwanga wa asubuhi huivuta saa ya mwili irudi nyuma, na kwetu huku jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Watu wa nchi za baridi hununua taa maalumu kwa kazi hiyohiyo.

Simu baba yake asiivunje. Kijana aliyenyang'anywa simu kwa hasira huazima ya rafiki, na mtapoteza njia pekee ya kujua anafanya nini. Wekeni mahali pamoja pa kuchajia, chumbani kwenu au jikoni, na saa tatu na nusu simu zote za nyumba ziende huko, za wazazi zikiwemo. Hilo la za wazazi ndilo litakaloamua kama mpango utadumu. Akisema simu ndiyo kengele yake ya kumwamsha, mnunulieni saa ndogo ya mezani. Na amwambie mapema msimamizi wa grupu lao kwamba baada ya saa tatu na nusu hapatikani. Pengine wenzake wawili watatu watashukuru kupata kisingizio. Mwiteni mkae naye mpange saa hizi pamoja, na ikiwezekana baba ndiye aanze kuzungumza, kwa sauti ya kawaida. Kijana wa miaka 16 hulinda makubaliano aliyoshiriki kuyatengeneza.

Ulizia pia anakunywa nini. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo na chupa vimejaa kila kibanda, na vijana huvinywa jioni ili wasome. Kafeini iliyomo, ile inayofukuza usingizi, hukaa mwilini muda mrefu: karibu masaa matano baada ya kunywa, nusu yake bado ipo. Cha saa kumi na mbili jioni, nusu yake bado inafanya kazi saa tano usiku. Chai ya rangi iliyokolea nayo ihesabiwe.

Na wasomaji wenye mabinti naomba wasipite jibu hili wakidhani haliwahusu kwa kuwa binti hana simu. Katika nyumba nyingi anayelala mwisho na kuamka wa kwanza ni msichana wa sekondari: amepika, ameosha vyombo, amechota maji, ndipo afungue daftari saa nne usiku, na kaka yake ameshalala. Ripoti yake ikishuka hakuna simu ya kulaumiwa, kwa hiyo analaumiwa akili. Hesabuni masaa yake kama tulivyohesabu ya kijana huyu, na kazi za jioni zigawanywe kwa watoto wote.

Mpe mpango huu wiki sita. Ukiona analala masaa ya kutosha kwa kadiri ya ratiba yenu na bado anasinzia, au anakoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, au amepungua mwili, amepauka, ana homa za mara kwa mara, au amejitenga na anasema maneno ya kukata tamaa, usiendelee kupanga saa. Mpeleke hospitali apimwe upungufu wa damu, malaria, matatizo ya njia ya hewa, na azungumze na mtu kuhusu hali ya moyo wake. Akisema neno lolote la kutotaka kuishi, mpeleke siku hiyohiyo. Kwa hayo mengine, kabla ya kwenda, chukueni karatasi na kwa wiki mbili muandike kila siku saa aliyolala, saa aliyoamka, alisinzia wapi na alikunywa nini. Mwachieni aandike mwenyewe. Daktari atakuulizeni hayo kabla ya jambo lingine lolote.